Damu Iliyokutana

Tulipomzika mama mkwe wangu kule Kiloleli mwezi uliopita, kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alinitaja miongoni mwa wakamwana, kisha akaendelea na wajukuu. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nikainamisha uso. Hakuna aliyecheka wala kuguna, ila wazee wawili wa ukoo walitazamana, na joto ninalolifahamu likanipanda kutoka kifuani hadi masikioni. Mvi zimeshanitoka, mwanangu ni kijana wa sekondari, na bado neno la kawaida kama mkamwana linaweza kunifanya nitamani kuinuka na kuondoka mbele za watu. Nilirudi Bariadi nikiwa na mwaka mmoja tu kichwani. Mambo ya utoto wangu nitayaacha. Walionilea walinilea vizuri. Nitaeleza mwaka ambao damu yangu ilisomwa kwa kompyuta.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili uani kwa mama mmoja mjane, si mbali na stendi. Mume wangu Masanja alikuwa fundi pikipiki, mimi nilishona. Cherehani niliiweka mlangoni ili nipate mwanga, na kwa kuwa kuta za pale zilikuwa nyembamba, nilisikia kila kilichosemwa chumba cha pili. Mtoto wetu wa kwanza, Sayi, alikuwa amefariki akiwa hajaanza hata shule ya awali. Alianza na homa, wakatibu malaria. Homa ikaisha, lakini mtoto hakurudi alivyokuwa: ulimi ukawa mzito, shingo ikakakamaa, mate yakamtoka, mwisho akashindwa kumeza. Hospitali moja walisema degedege, nyingine wakasema mtindio wa ubongo, na mganga wa Malampaka alisema maneno ambayo sipendi kuyarudia. Watu waliendelea kuniita Mama Sayi, na kila walipoita niliitika.

Kisha Luhende, mdogo wake, akafikia umri uleule. Asubuhi moja, baada ya homa ya siku chache, nilimpa kikombe cha uji kikamponyoka. Nikamwokotea, kikamponyoka tena, naye akakitazama kikombe kwa mshangao, kana kwamba kimegoma chenyewe. Sikupiga kelele. Nilikaa chini kwenye sakafu palepale, kwa sababu nilijua. Mama mkwe, ambaye alihamia kwetu kutoka Kiloleli tangu msiba wa Sayi, alikuja akakaa upande wa pili wa mtoto, akachota uji kwa kidole na kumpaka mdomoni. Alikuwa mwanamke mrefu, jina lake Nkwimba, mkimya kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Hakunipenda siku tulipooana. Alikuwa amepinga ndoa ile bila kutoa sababu, wazee wakamshinda kwa hoja, akanyamaza. Tangu msiba alikuwa hali nasi sahani moja. Akishapika, alijipakulia pembeni na kula akiwa ameelekea ukutani.

Siku zile ndipo nilipowasikia jirani zangu wakizungumza nyuma ya ukuta. Mmoja alisema huyo ni wa pili, mwingine akasema tumbo lile lina jambo. Sikuweza kuwakasirikia, maana hata mimi nililiwazia hivyo tumbo langu. Nilianza kujifunga kanga mbili hata wakati wa joto kali, nikipita uani kuchota maji nilitazama ndoo tu. Mtu akiugua mguu anasaidiwa kutembea. Mama ambaye watoto wake wanazimika mmoja baada ya mwingine anaachiwa njia.

Kutoka hospitali ya hapa tulipewa rufaa kwenda Mwanza, na huko tukakutana na Daktari Rehema, mwanamke kijana aliyezoea kuwatazama wazazi machoni. Alipiga picha ya ubongo wa Luhende, akaniuliza habari za Sayi kwa utaratibu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Baadaye akauliza kama mimi na Masanja tuna undugu. Masanja alikasirika kweli. Alisema sisi Wasukuma hatuoani ndugu, kwamba mahari ilitolewa hadharani, na wazee wa pande zote walitajiana koo zao kabla ya ng'ombe wa kwanza kutoka zizini. Daktari alimwomba radhi, akasema ni swali linaloulizwa kila mtu. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha kona akiwa amempakata mtoto. Akamgeuza mtoto, akaelekea ukutani.

Tukatolewa damu sote watatu, mimi, Masanja na Luhende. Daktari alieleza kwamba ni kipimo cha vinasaba, kwamba damu itasafirishwa kwenda kusomwa na majibu yatachukua miezi. Neno vinasaba lilitangulia kufika Bariadi kuliko sisi. Kwa watu wengi DNA ni kitu cha kumtafuta baba wa mtoto, na mafundi wenzake Masanja walimuuliza gereji, kwa utani wenye meno, kama hatimaye ameamua kuhakikisha. Alirudi nyumbani akala, akalala. Siku ya pili alinisimulia, akasema hakuwajibu kwa sababu angewaeleza nini. Nilimtazama mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kunishuku hata dakika moja, nikaona amechekwa kwa ajili ya mwili wangu, nikaona haya kana kwamba kweli nilitenda.

Miezi ile ya kusubiri sikumbuki mvua wala jua. Nakumbuka chumba. Nakumbuka godoro tulilolisogeza karibu na mlango, harufu ya sabuni ya kufulia nepi za mtoto aliyekuwa ameshaacha nepi, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, ambayo mama mkwe aliyaponda kwa maziwa hadi yakawa laini kama uji, na bado Luhende aliyakohoa. Maneno yake yaliondoka moja moja. Neno la baba lilitangulia. La mwisho kubaki lilikuwa mayu, mama, nalo alikuwa akilisema kwangu na kwa bibi yake bila kututofautisha.

Simu ya Daktari Rehema ilinikuta nikitia uzi kwenye sindano. Alisema niache ninachofanya. Wamepata jibu, dawa ipo, na ni vitamini mbili ambazo mtoto atameza kila siku kwa maisha yake yote. Moja niitafute Bariadi palepale, nyingine anaituma kwa basi. Nilimuuliza mara mbili kama amesema vitamini. Nilikimbilia duka la dawa nikiwa na uzi shingoni. Muuzaji, kijana mpole, alisikia vitamini B1 kwa wingi ule, akashusha sauti na kuniuliza kama mzee nyumbani anakunywa sana, maana wengi huichukua kwa ajili ya walevi. Watu walikuwa nyuma yangu. Nikasema ndiyo, anakunywa. Masanja hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Ilikuwa rahisi kumfanya mume wangu mlevi kuliko kusema mtoto wangu ana nini.

Tuliponda vidonge, tukavichanganya na maji kidogo, mama mkwe akamnywesha. Kabla juma halijaisha Luhende alimeza uji bila kukohoa. Siku chache baadaye niliona vidole vyake vikishika pindo la kanga yangu, na asubuhi moja alisema maji. Mama mkwe alitoka nje, akasimama nyuma ya choo cha uani, nikamsikia akilia kwa sauti ya mtu asiyezoea kulia. Nilidhani ni furaha.

Tulirudi Mwanza kueleza maendeleo. Safari hii Daktari Rehema alikuwa na kijana aitwaye Elisha, ambaye si daktari wa kutibu. Kazi yake ni kompyuta. Alikuja na laptopu yake, akaiweka mezani lakini hakutuonyesha kitu, akaeleza kwa mdomo. Alisema mwili wa kila mtu una maandishi marefu mno, na mashine huyasoma vipandevipande, kama kitabu kilichochanwa. Kompyuta ndiyo inayovipanga vipande, kisha inatafuta mahali ambapo maandishi ya mtu huyu yanatofautiana na ya watu wengine. Tofauti ni nyingi, na karibu zote hazina madhara, kwa hiyo huzichekecha. Ile inayopatikana kwa watu wengi inatupwa, ile adimu inabaki kwenye chekecheke. Shida, alisema, ni kwamba katika hazina kubwa za vinasaba za dunia watu wa kwetu ni wachache sana. Jambo la kawaida kabisa Simiyu linaonekana huko adimu, hivyo kompyuta inamshuku kila Msukuma. Alichekecha damu ya Luhende mara nyingi, na kila mara mabaki yalikuwa mengi kupita kiasi. Alizungumza hayo kwa uchangamfu wa mtu anayeipenda kazi yake. Kisha uchangamfu ukamwisha.

Alisema kilichomsaidia ni kuangalia sehemu ndefu ambazo alichopata mtoto kwa baba na alichopata kwa mama vinafanana kabisa, herufi kwa herufi. Kwa Luhende sehemu hizo zilikuwepo, na si fupi. Alianza kutafuta ndani yake tu, na katika mojawapo akakuta kosa dogo kwenye jeni ya mlango unaopitisha vitamini kwenda kwenye ubongo. Mimi nina nakala moja nzima na moja mbovu. Masanja vilevile. Luhende alichukua mbovu zote mbili, na bila shaka Sayi pia.

Masanja aliuliza kufanana kule kunatokana na nini. Elisha alitazama meza.

"Kunatokana na mzee mmoja," alisema. "Wewe na mkeo mmetoka kwa mtu mmoja, baba. Na si wa zamani sana."

Daktari Rehema aliongeza haraka kwamba si kosa letu, kwamba ndoa nyingi duniani ni za ndugu na watoto wao ni wazima. Akasema pia kwamba ndugu wengine wa ukoo wanapaswa kuambiwa, kwa sababu mtoto mwingine akiugua hivi asicheleweshwe. Nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa nikivuta kanga yangu ifunike magoti, mbele ya mume niliyezaa naye watoto wawili.

Kwa wasomaji ambao si wa kwetu, labda hili litaonekana dogo. Kwetu mtu na ndugu yake wa damu wakilala pamoja ni uchafu unaoharibu hata mazizi. Wazee huwatenganisha, watu huhesabu kila kilichokufa tangu siku walipolala pamoja, na majina ya watoto hutamkwa kwa namna nyingine. Tuliporudi nyumbani Masanja alihamishia mkeka wake kwenye chumba cha mama yake na mtoto, mama yake akaja kulala kwangu, bila yeyote kuuliza. Nilianza kuvaa gauni refu kuingia bafuni. Mikono yetu ikigusana wakati wa kupokezana sahani, kila mmoja aliivuta. Na mtoto, yule aliyekuwa ameanza tena kutambaa na kucheka, alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, nami nikiuona uso wa Masanja na wangu mle usoni mwake nilishindwa kumtazama. Huo ndio ukweli. Alikuwa anapona, na nilikuwa naona aibu kwamba yupo.

Mama mkwe alisubiri Masanja awe kazini. Tulikuwa uani tukikata viazi vitamu vya michembe, vya kuanika vikauke, yeye akitumia kisu kizuri na mimi kile kilichopinda. Alianza kuzungumza bila kunigeukia. Alisema baba yake, Mzee Jilala, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe na mzee wa kanisa. Zamani alipokuwa akishusha ng'ombe kwenye treni pale Malampaka, alimpa mimba binti mmoja na hakurudi. Nyumbani kwao jambo lile lilijulikana kwa mama yake na kwake, binti mkubwa, basi. Yule binti wa Malampaka aliolewa akiwa na mtoto tumboni, na mtoto akapewa ukoo wa aliyemlea.

"Siku baba yako alipokuja kupokea mahari, alishuka kwenye baiskeli," alisema, "nikamwona baba yangu anashuka kwenye baiskeli. Masikio yale. Namna ya kuegemea upande. Nikamuuliza mama yake ni nani, akanitajia."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema sitaki ndoa. Wakaniuliza sababu. Sababu ilikuwa ni kumvua nguo marehemu baba yangu mbele ya wakwe." Aliendelea kukata. "Nikajiambia ni nusu damu tu, haitauma. Sayi alipokufa nilijua imeuma."

Niliokota vipande vya viazi vilivyoanguka, nikavipanga kwenye ungo kimoja kimoja, kwa unadhifu wa kijinga. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa shangazi yangu, dada wa baba yangu kwa baba mmoja, na tangu msiba wa Sayi alikula akiwa ameelekea ukutani kwa sababu hakuthubutu kula nasi. Nilipaswa kumchukia, na siku nyingine nilimchukia. Siku ile nilichohisi ni kwamba sisi wawili tumekaa uchi juani, na hakuna hata mmoja mwenye nguo ya kumwazima mwenzake.

Tungenyamaza, nadhani. Tulikuwa tumeshaanza kunyamaza. Lakini wifi yangu Limi, dada yake Masanja aliyeolewa hukohuko Kiloleli, alituma habari kwamba binti yake Holo ameanguka na kutupa miguu baada ya homa. Masanja alitaka tumpelekee vidonge tu na kusema ni dawa ya mjini. Mama yake alikataa. Alisema Daktari anataka damu ya Limi na ya mume wake, na damu haitolewi kwa uongo. Akaomba ndugu wakusanyike.

Tulikaa sebuleni kwa baba mdogo wa Masanja, Mzee Shija, wanaume kwenye viti na wanawake chini. Tulikula kwanza, ugali na sato wa mchuzi. Kisha mama mkwe akasimama, jambo ambalo wanawake wa rika lake hawafanyi mbele ya shemeji zao, akaeleza yote kwa Kisukuma kilichonyooka, akimtaja baba yake kwa jina, akinitaja mimi kuwa binti wa kaka yake. Hakupamba. Alipomaliza, Mzee Shija alisema mimi na Masanja tuachane siku hiyohiyo. Masanja, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa amenigusa, alisema hapana. Alilisema taratibu tu, akamchukua Luhende kutoka mapajani mwangu, akamweka kwenye mapaja yake.

Wazee walichinja kondoo wa kututakasa, wakafanya yanayofanywa. Mchungaji naye akaomba. Wengine hawakutusalimia tena. Baba yangu, nilipompelekea habari Malampaka, aliuliza jambo moja tu: kaburi la mzee yule liko wapi. Nilimpeleka. Alisimama pale akiwa ameshika kofia yake, akasema, "Mwadila, baba," kama unavyomsalimu mtu mchana, kisha akasema twende.

Ningependa kuandika kwamba Holo alipona kwa vidonge vile. Vidonge vilimezwa, damu ikachukuliwa, na baada ya miezi Elisha akapiga simu kwamba Holo hana kosa lile. Alikuwa na kifafa cha kawaida, kikatibiwa kwa dawa nyingine ambazo angezipata hata bila mkutano. Limi alinipigia. Hakugomba. Alisema, "Wifi, mmetuvua nguo bure," akakata simu. Niliamini kwa muda mrefu kwamba yuko sahihi. Leo sijui. Najua kwamba Elisha alisema zile tofauti zetu zisizo na madhara zimewekwa sasa kwenye hazina yao, bila majina, ili kompyuta isiwashuku bure watoto watakaofuata. Ni jambo zuri. Halikunisaidia kuinua uso sokoni.

Mwaka ule ulipoelekea mwisho, vidonge vya Daktari vilikwisha, na ile vitamini ya pili haikupatikana duka lolote la dawa hapa. Tuliambiwa iko kwenye maduka ya vipodozi, maana wanawake huimeza kukuza nywele na kucha. Nilikwenda hadi mlangoni nikarudi. Walionifahamu wangesema mtoto mlemavu yuko ndani, mama anajipamba. Nilimweleza mama mkwe kwamba nitakwenda siku nyingine. Alijitanda kanga, akamfunga Luhende mgongoni ingawa alikuwa amekuwa mkubwa na miguu ikining'inia, akasema twende sasa hivi.

Msichana wa dukani alimtazama yule bibi wa shamba, miguu yake ya vumbi, akatabasamu na kumuuliza kama anataka nywele ndefu. Wateja wawili walikuwa wakijaribu mafuta ya midomo kwenye kioo.

"Vitamini si zangu," mama mkwe alisema. "Ni za mjukuu wangu huyu. Ana ugonjwa wa damu. Ulitoka kwa baba yangu, ukapita kwangu na kwa kaka yangu, ukakutana kwa mtoto huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ni mama yake. Ni mtoto wa kaka yangu."

Msichana aliacha kutabasamu. Alituletea makopo, akatusomea moja kwa sauti ndogo kuhakikisha ni lenyewe. Wale wateja walisogea kutupisha. Nilisimama pale uso ukiwaka, nikitazama vigae, mpaka nilipohisi mkono wa mtoto. Luhende, kutoka mgongoni kwa bibi yake, alikuwa amenyoosha mkono apokee kopo. Lilimponyoka. Akanyoosha tena, nikampa, na safari hii alilishika.